Jino la Mpiga Tarumbeta wa Isansa

Jino la kwanza nililotengeneza maishani lilikuwa la sabuni, na lilikuwa baya. Mwalimu wangu wa kazi, Mzee Simwanza, alinipa kipande cha sabuni ya mche na kisu kidogo, akaniambia nichonge jino la mbele la juu. Nilipomaliza alilishika, akaligeuza huku na huku, kisha akaenda nalo kwenye sinki akanawia mikono. Ndivyo nilivyoanza ufundi sanifu wa meno, kazi niliyoistaafu mwaka huu nikiwa bado na macho mazuri na mikono isiyotetemeka. Hilo nalisema kwa kujivuna, maana wapo wenzangu waliostaafu bila kimojawapo.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki maabara. Siku ya kuniaga mlinipa vitenge, hotuba na saa ya ukutani, ingawa sijaelewa mtu aliyestaafu anaharakishwa aende wapi. Mkaniomba niwaachie nilichojifunza. Vyeo na mishahara navipita, havimfundishi mtu kuchonga. Nitawaeleza kidogo nilivyoanza, kisha nitawaeleza kazi moja iliyonifanya nitembee kifua mbele kijiji kizima cha Isansa, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu mnachohitaji kujua kuhusu kofia ya jino na kile kinachoishikilia.

Mzee Simwanza alikuwa Mnamwanga, nusu ya ndugu zake wakiwa Tunduma na nusu wakiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kazi alijifunzia Zambia, na kutoka huko alirudi na neno "mukwai" ambalo alimwambia kila mtu kwa heshima ileile, daktari mkuu na mfagiaji. Wiki yangu ya kwanza hakunigusisha chombo chochote. Alinituma sokoni nikatazame watu wakila mahindi ya kuchoma. Mimi ni binti wa wakulima wa milima ya Ileje, na kwetu mtoto anayemkodolea macho mtu anayekula huchapwa. Nilikwenda na aibu zangu, nikatazama kwa pembeni, nikarudi. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona watu wanakula mahindi. Akanirudisha.

Nilirudishwa hadi nikaanza kuona. Huyu anauma kwa upande wa kulia tu. Yule mama anapukuchua kwa vidole kwanza, maana meno yake ya mbele hayakutani. Fundi seremala kashika misumari midomoni huku anatafuna. Nilipomweleza hayo Mzee Simwanza alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa umeona, mukwai," alisema. "Jino unalolitengeneza linakwenda kazini. Kama hujui kazi yake, utalivalisha nini?"

Baada ya hapo ndipo aliponipa kisu cha nta, taa ya spiriti na plasta. Kwake nilijifunza kumimina plasta bila kuacha kiputo, na kupasha nta hadi inalainika lakini haichuruziki. Alikuwa mkali. Kazi isiyomridhisha aliidondosha sakafuni, akaomba radhi kwa adabu kubwa kwamba imemponyoka. Zilimponyoka nyingi mwaka ule.

Kesi ngumu zilikuja zenyewe. Kijana mmoja mchimbaji kutoka Saza alikuja na dhahabu yake imefungwa kwenye kipande cha nailoni, akataka nimtengenezee kofia ya jino, dhahabu tupu, naye akae palepale aitazame isipungue. Nilimweleza kwamba dhahabu iliyotoka ardhini hivyo ni laini mno, tena imechanganyika na vitu ambavyo singetaka viwe kinywani mwa mtu. Dhahabu ya meno huchanganywa kiwandani na metali nyingine ili isibonyee. Akasema mimi naogopa tu. Nikasema ndiyo, naogopa. Akaondoka amenuna. Aliporudi alikuwa amevaa kofia aliyotengenezewa na mtu mwingine, imebonyea kama kizibo cha soda kilichokanyagwa. Nilimtengenezea ya metali inayofaa, porselini juu, na kuanzia siku hiyo akawa mpiga debe wangu mgodini bila kulipwa.

Vipandikizi vya meno vilinikuta mtu mzima. Daktari Msukwa, kijana wa Ileje mwenzangu, alifungua kliniki Tunduma akaniita niwe fundi wake. Yeye aliniita Mama, mimi nikamwita Daktari, na kwa adabu hiyohiyo tukabishana karibu kila siku hadi ninastaafu. Sijapata kufanya kazi na mtu ninayempenda kubishana naye kama yule.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ya titani inayoingia mfupani mahali pa mzizi. Hiyo ni kazi ya daktari na ya mfupa, sisi hatumo. Kofia ni jino lenyewe linaloonekana mtu akicheka. Katikati kuna kipande kidogo kinachotokeza kwenye ufizi na kubeba kofia. Vitabuni kinaitwa abatimenti. Mimi wagonjwa niliwaambia shingo, wakaelewa mara moja. Kila mgonjwa anaulizia kofia, iwe nyeupe kiasi gani, iwe ya nini. Mimi akili yangu huwa kwenye shingo, kwa sababu shingo ikikosewa hakuna kofia itakayokaa vizuri.

Shingo zipo za dukani na zipo za kushonesha, kama suruali. Kwa magego, kule nyuma ambako ufizi ni mnene na hakuna anayechungulia, shingo ya dukani ya titani inatosha, na juu yake kofia ngumu ya zirkonia, ile kauri nyeupe, au ya metali, kwa sababu huko ndiko mtu wa Mbozi anakotafunia mahindi makavu na mifupa. Meno ya mbele ni habari nyingine. Pale ufizi una umbo lake, na shingo ya dukani ni ya duara wakati mzizi wa jino haukuwa wa duara. Kwa hiyo unashonesha. Unachonga umbo kwa nta, linapigwa picha kwa mashine, linachongwa Dar es Salaam kwa zirkonia na kurudi kwa basi, nawe unamalizia porselini kwa mkono wako. Halafu tazama rangi ya ufizi. Wengi wetu tuna fizi nyeusi ambazo hazionyeshi kitu. Mwenye fizi nyepesi na za waridi, titani itaonekana kwa chini kama kivuli cha kijivu, na hapo zirkonia ndiyo mkombozi.

Sasa kufunga. Unaweza kuibandika kofia juu ya shingo kwa gundi ya meno, na jino likawa halina tundu popote. Au unaunganisha kofia na shingo maabara viwe kitu kimoja, kisha daktari anavifunga kwa skrubu inayopita kwenye tundu dogo nyuma ya jino, halafu tundu linazibwa. Gundi inapendeza, ila ikivuja chini ya ufizi na isiondolewe yote, ufizi unavimba na mfupa unaliwa polepole bila mtu kujua. Skrubu nayo inaweza kulegea, lakini kilicholegea kinakazwa. Daktari alikuwa mtu wa gundi. Mimi nilikuwa mtu wa skrubu, na sababu yangu haikuwa ya vitabuni. Mgonjwa wangu anatoka milimani Ileje au kwenye matope ya Isansa wakati wa masika. Akifika na shida nataka niifungue kazi yangu, niirekebishe na kumrudishia. Sitaki kuikata vipande.

Basi siku moja akaletwa Mzee Nzunda.

Huyu nilimjua kabla ya kuwa mgonjwa. Isansa ndiko nilikoolewa, na Jumapili zangu zote ni za kule, hata nilipokuwa nikilala Tunduma siku za kazi. Mzee Nzunda ni mkulima wa kahawa na kiongozi wa tarumbeta wa usharika wetu. Kama hujakulia miongoni mwa Wamoraviani wa Mbozi nitakueleza Pasaka yetu ilivyo. Alfajiri, kabla jua halijatoka, wapiga tarumbeta wanapita wakiamsha watu, na sote tunakwenda makaburini. Pale yanasomwa majina ya waliotutoka tangu Pasaka iliyopita. Jina la mwisho likishasomwa panakuwa kimya, kisha tarumbeta moja inaanza peke yake, na jua likichomoza wengine wanaipokea. Hiyo moja, kwa miaka yote niliyokaa Isansa, ilikuwa ya Mzee Nzunda.

Mwaka ule mkewe, Mama Neema, alifariki wiki chache baada ya Pasaka. Wakati wa mavuno ya kahawa, mzee akiwa bado kwenye majonzi, mkono wa mashine ya kumenyea kahawa ulimponyoka ukamrudia mdomoni. Jino lake la mbele la juu, upande wa kushoto, likavunjika hadi mzizini. Alipoketi kwenye kiti cha Daktari hakuuliza habari ya maumivu wala sura. Aliuliza kama Pasaka itakayokuja ataweza kupuliza, kwa sababu jina la mkewe litasomwa na hakutaka mtu mwingine aanze. Daktari alimwahidi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kwa kuwa mimi ndimi ningetengeneza jino, ahadi ile niliihesabu kuwa yangu pia.

Mfupa ulikipokea kipandikizi vizuri, na baada ya Mwaka Mpya ikafika zamu ya kofia. Wanawe walikuwa wamechanga ili baba yao awekewe jino zuri, na aliyekuja kusimamia alikuwa Neema, binti yake mkubwa. Neema anauza vitenge Tunduma, anawaita wateja wa Zambia kwa Kibemba kama kazaliwa huko, na ni mwanamke anayependa kucheka. Ila kila akicheka huinua pindo la kitenge akaficha mdomo. Alinipa maagizo kamili: jino la baba liwe limenyooka, lilingane na jirani yake mstari mmoja, lisiwe na kasoro. Nilimuuliza mzee jino lake la zamani lilikaaje. Akasema lilikuwa jino tu. Akaongeza kwamba watoto ndio wanaotoa, basi wachague wao.

Tulibishana kwanza, mimi na Daktari, kama desturi. Ufizi wa mzee ulikuwa mwembamba na wa waridi, kwa hiyo titani tupu ingeonekana. Lakini zirkonia ikiingia moja kwa moja kwenye kipandikizi cha titani, zinasagana. Tukakubaliana: ndani, pale panapokutana na kipandikizi, kiwe kitako cha titani, na kuzunguka kitako hicho shingo ya zirkonia ya kushonesha. Kuhusu kufunga, Daktari alitaka gundi. Nikamwomba atazame mwelekeo wa kipandikizi alichokiweka yeye mwenyewe. Alikuwa amekiweka vizuri sana, tundu likatokea nyuma ya jino ambako hapaoni mtu wala jua. Kingekuwa kimelalia mbele, tundu lingekaa usoni mwa jino, nami ningesalimu amri kwa gundi. Akacheka, akasema nimemvika kilemba cha ukoka ili nishinde. Tukafunga kwa skrubu.

Siku ya kufunga mlitakiwa muwepo. Daktari alikaza kwa ile spana yenye kipimo, ambayo ikifika kiwango inaachia yenyewe. Msije mkakaza kwa nguvu za mkono mkidhani ni nati ya baiskeli. Juu ya skrubu tuliweka utepe mweupe uleule wa mafundi bomba, umetakaswa, kisha tukaziba tundu kwa dawa ya kuzibia meno. Utepe ule ni wa kulinda kichwa cha skrubu, ili siku ukitaka kufungua usikute umekichimba pamoja na kizibo. Jino lilikuwa limenyooka na kung'aa, na huwezi kulitofautisha na jirani yake. Neema alilia. Picha zikapigwa mpaka mzee akachoka kutabasamu. Kazi ile ilikuwa safi, na kwa mtu asiyepuliza tarumbeta ningeifanya vilevile hata leo.

Jumapili zikapita. Mazoezi ya Pasaka yakaanza, na mimi nikamwona Mzee Nzunda amebeba ngoma kubwa. Nilipouliza niliambiwa tarumbeta yake ni mbovu, iko kwa fundi Tunduma. Jumapili nyingine ngoma, na nyingine ngoma. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona nani ataanzisha makaburini.

Nilimtafuta huyo fundi, kijana wa kuchomelea anayetengeneza kila kitu kuanzia mageti hadi vyombo vya muziki. Nikamuuliza tarumbeta ya Mzee Nzunda ina tatizo gani.

"Mama, ile haina noma kabisa," akasema. "Anaileta, namrudishia, anaileta tena. Nimeipuliza mwenyewe hapa, jirani akatoka kuuliza nani kafariki."

Nilisimama pale kwenye cheche zake nikawa kama nimemwagiwa maji. Kwetu mtu akipewa kitu na wanawe hasemi kinabana. Ukipewa viatu vidogo unavivaa kanisani, unatembea, na ukirudi nyumbani ndipo unapouguza vidole. Mzee alikuwa amevishwa jino na watoto wake, wamelia kwa furaha, wamepiga picha. Angesema nini? Akaona afadhali tarumbeta ndiyo iwe mbovu.

Jumatatu nilimweleza Daktari. Hakubisha hata kidogo, na ndipo nilipojua kwamba limemgusa. Tukamwita mzee, na nikamtumia ujumbe aje na tarumbeta yake. Akaja pamoja na Neema, akiwa ameibeba chini ya koti kama mtu anayeficha kuku. Daktari akamwomba apulize palepale kitini. Mzee aliweka kipulizio mdomoni, akakisogeza, akakirudisha, akapuliza. Ikatoka pumzi na mlio uliopasuka. Alishusha tarumbeta akatazama sakafu.

Ndipo akasema, kwa taabu, kwamba jino ni zuri sana na anashukuru, ila kipulizio hakipati mahali pake pa kukaa. Jino la zamani lilikuwa limerudi nyuma kidogo na kona yake moja imegeuka mbele. Tangu ujana wake mdomo ulijua kukaa hapo. Hili jipya linasukuma mdomo nje.

Neema alishtuka. Akasema baba alikuwa na jino lililopinda maisha yake yote, sasa amepata lililonyooka, watu wameliona na kulisifu, tunataka kumrudisha kule? Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenyang'anywa kitu alichompa mwingine kwa moyo wote.

"Picha tumeshapiga, mwanangu," mzee akamjibu. "Sasa nataka kupuliza."

Neema akasogea kando. Daktari akatoa kizibo, akavuta utepe, akafungua skrubu, na jino zima na shingo yake likatoka mkononi mwake bila tone la damu. Lingekuwa la gundi, tungekuwa tunalikata kwa drili na kumtoa mzee machozi. Daktari alinionyesha jino lile, akanyanyua nyusi. Katika ubishi wetu wote, ushindi ule ndio nilioufurahia zaidi.

Wazo lililofuata lilikuwa la Daktari. Alisema tutengeneze kwanza jino la muda la plastiki, tulifunge, mzee apulize, tulichonge, apulize tena. Nilichonga, tukafunga. Mlio ukaja kidogo. Nikapunguza uso wa jino. Ukaja zaidi, kisha ukavunjika katika noti za juu. Nikapunguza tena, ukaharibika kabisa. Kwenye benchi la nje wagonjwa walikuwa wameacha kulalamika kuhusu foleni, wakawa wanatoa ushauri. Shida ilikuwa moja: lile jino la zamani hakuna aliyelijua umbo lake. Lilivunjika vipande kwenye mashine ya kahawa, na mzee hakuwa na kipimo wala picha aliyofungua mdomo, kwa kuwa watu wa umri wake walipiga picha wakiwa wameufunga. Nilikuwa nachonga gizani, na Pasaka ilikuwa inakaribia.

"Lilikuwa kona hii au hii?" nilimuuliza.

Mzee alifikiri, akageuka akamtazama binti yake. "Analo Neema," akasema. "Lilelile. Mama yake alikuwa anasema nimempa Neema jino langu."

Neema alikuwa ameshainua pindo la kitenge mdomoni, hata kabla hajajua. Nikaelewa ghafla kwa nini alitaka la baba linyooke mno. Kitu alichotamani kwa kinywa chake alikuwa amekinunua kwa kinywa cha baba yake. Moyo uliniuma kwa ajili yake, nami sikutaka kumlazimisha. Nilimwambia tu, Neema, mwanangu, ninaomba nichukue kipimo cha mdomo wako, na ukikataa nitaendelea kujaribu.

Alimtazama baba yake kwa muda. Kisha akashusha kitenge, akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo.

Lilikuwa pale. Jino la mbele la juu, upande wa kushoto, limerudi nyuma kidogo na kona yake ya ndani imegeuka mbele. Nililitazama kwa uroho wa fundi, nikamwambia ukweli, kwamba ni jino zuri na sijui kwa nini analifungia ndani. Hakuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa dawa ya kipimo, lakini macho yake yalicheka.

Nilimimina plasta ya kipimo kile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nikachonga jino la muda kwa kulifuata jino la Neema, nikilikuza kidogo lilingane na uso wa mzee. Daktari akalifunga. Mzee akaweka kipulizio, na safari hii hakukisogeza. Kilikwenda chenyewe mahali pake. Alipopuliza, sauti ilitoka nzima, nene, ikapita kwenye korido mpaka barabarani, na nje watu wakapiga makofi. Mzee hakuishia hapo. Alipiga wimbo mzima pale kitini, kitambaa cha mgonjwa kikiwa bado kifuani. Daktari alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Alilivaa la muda majuma kadhaa akifanya mazoezi, na kila akiona linabana alikuja nikachonga unene wa unywele mmoja. Lilipotulia, nililinakili lote kwa zirkonia na porselini. Hapa mzingatie jambo: jino likigeuka, shingo nayo lazima igeuke, la sivyo ufizi utabanwa upande mmoja na kubaki pengo upande mwingine. Sikuweza kuipotosha kofia peke yake juu ya shingo ya zamani. Nilishonesha shingo mpya, kitako kipya cha titani ndani, na tundu la skrubu likatokea nyuma kama mwanzo. Daktari hakutaja gundi. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa tuliyempokea, kabla ya kuuliza rangi ya jino, alimuuliza anafanya kazi gani.

Pasaka ikafika. Alfajiri ile kulikuwa na ukungu na baridi ya Mbozi inayoingia hadi mifupani. Tulisimama makaburini tumejifunika mablanketi, Daktari naye akiwemo, kaja kutoka Tunduma gizani na hata si Mmoraviani. Neema alikuwa karibu na kaburi la mama yake. Mchungaji akasoma majina. Jina la Mama Neema aliliweka la mwisho. Kisha kukawa kimya, na mimi nikakumbuka skrubu, utepe, kizibo, kila kitu tulichogusa, kana kwamba mimi ndiye ninayepaswa kupuliza.

Mzee Nzunda alianza. Peke yake, polepole, bila kutetemeka, mpaka noti ya juu kabisa, akaishikilia pale hadi wenzake wakaipokea na jua likatoka juu ya mibuni. Nililia wazi, sikujificha. Neema aliimba mdomo wazi, mikono yote miwili ikiwa imeshika mashada.

Ibada ilipokwisha nilipenya katikati ya watu kumfuata. Nilimkuta amesimama kando ya kaburi, anafuta kipulizio kwa leso taratibu. Nikamuuliza, kwa ule wasiwasi wetu wa mafundi, jino linasemaje, halibani, halijalegea?

Mzee aliinua macho akanitazama, akajaribu kweli kunielewa.

"Jino lipi, Mama Fundi?" akauliza.